Metchnikoff: Mtu aliyetaka kuuchelewesha uzee kwa maziwa mgando

Kila tunapogusia lishe na uzee katika kipindi chetu cha afya, ujumbe wa wasikilizaji huelekea kwenye maziwa mgando. Wapo wanaosema bibi zao walifika umri mkubwa kwa sababu ya kibuyu cha maziwa, na wapo wanaotuuliza kama ni kweli mtindi huzuia seli za mwili zisichakae. Hoja hiyo ina mwenyewe. Zaidi ya miaka 100 iliyopita ilienea duniani kutoka Paris, na aliyeieneza ni mtu ambaye katika ujana wake alikuwa amechoka kuishi.

Élie Metchnikoff, ambaye kwao aliitwa Ilya Mechnikov, alizaliwa Mei 1845 katika kijiji kilicho karibu na Kharkiv. Leo eneo hilo ni Ukraini, lakini wakati ule lilikuwa sehemu ya Dola ya Urusi. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi. Kijana huyo alikuwa mwepesi wa kushika mambo hata akamaliza masomo ya miaka 4 ya Chuo Kikuu cha Kharkiv kwa miaka 2 tu. Baadaye akawa mwalimu wa elimu ya wanyama katika chuo kikuu cha Odessa, mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi.

Maisha ya nyumbani hayakumpa raha. Mwaka 1869 alimwoa Ludmila, aliyekuwa anaumwa kifua kikuu. Bibi harusi alikuwa dhaifu kiasi kwamba alibebwa kwenye kiti kuingizwa kanisani. Kwa miaka 4 Metchnikoff alihangaika naye akitafuta hali ya hewa ambayo ingemfaa, hadi Ludmila alipofariki mwaka 1873 katika kisiwa cha Madeira. Mjane huyo alijaribu kujiua akanusurika. Alioa tena mwaka 1875, na mke wa pili, Olga, naye akaugua vibaya homa ya matumbo. Mwaka 1881 Metchnikoff alijidunga damu ya mgonjwa wa homa inayojirudia, ugonjwa ulio ndugu wa homa ya papasi inayojulikana huku kwetu. Kwa upande mmoja alitaka kujua kama ugonjwa huo huambukizwa kwa damu. Kwa upande mwingine, wanaosimulia maisha yake wanakubaliana, hakujali kama angepona. Alipona.

Mwaka huohuo alifariki kaka yake, Ivan Ilyich, aliyekuwa mwendesha mashtaka katika mji wa Tula. Kifo hicho ndicho kilichompa mwandishi Leo Tolstoy wazo la kitabu chake maarufu kuhusu mtu anayekufa polepole huku akiogopa. Tunakitaja kwa sababu tangu hapo swali la kwa nini mwili huzeeka na kufa halikumtoka Metchnikoff.

Jibu lake lilianzia ufukweni. Mwaka 1882 aliacha kazi Odessa kwa sababu ya vurugu za kisiasa chuoni, akahamia na familia yake Messina, katika kisiwa cha Sisilia, Italia. Siku moja wengine walikwenda sarakasi kuwatazama nyani waliofunzwa, yeye akabaki na darubini yake. Alikuwa akiwachunguza watoto wachanga wa kiti cha pweza, ambao miili yao inapenyeza mwanga kama kioo. Aliona seli zikitembea ndani yao, akajiuliza kama seli hizo si walinzi. Kwenye bustani palikuwa na mchenza mdogo uliopambwa kwa ajili ya watoto kwa sikukuu ya Krismasi. Akachukua miiba ya waridi, akawachoma nayo wale viumbe wadogo chini ya ngozi, akalala kwa shida. Asubuhi alikuta seli zimeuzunguka kila mwiba.

Hiyo ndiyo asili ya elimu ya seli zinazokula, zinazoitwa fagosaiti. Kabla yake, matabibu wengi walipoona seli nyeupe za damu zikiwa na bakteria ndani walidhani bakteria wamejificha humo na kusafiri nazo. Metchnikoff alisema seli ndizo zinazowala bakteria. Alibishiwa kwa miaka mingi, hasa na wataalamu wa Ujerumani, mpaka Louis Pasteur alipompa maabara katika taasisi yake mjini Paris mwaka 1888. Hakuhama tena. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich, aliyekuwa wa kambi pinzani.

Lakini kabla ya tuzo hiyo akili yake ilikuwa imeshahamia kwenye uzee. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1903 alibuni jina la elimu ya uzee, jerontolojia, linalotumika mpaka leo. Alieleza uzee kama vita vya ndani. Wale walinzi waliotulinda ujanani, alisema, uzeeni hugeuka na kuanza kuzila seli zetu zenye kazi maalumu: za ubongo, za figo, za misuli. Aliamini hata mvi hutokea kwa sababu walinzi hao wamekula rangi ya nywele.

Ni nini kinachowageuza? Alinyoosha kidole kwenye utumbo mpana. Alidai kwamba humo bakteria huozesha mabaki ya chakula, na sumu inayotoka huingia kwenye damu, ikizidhoofisha seli bora na kuwaacha walaji wakitamba. Hapo ndipo maziwa yanapoingia. Kila anayekaa na mifugo anajua kwamba maziwa yakishaganda hayaozi upesi, kwa sababu bakteria wa mgando hutengeneza asidi. Metchnikoff alisikia habari za wakulima wa Bulgaria waliosemekana kuishi miaka mingi sana huku wakila maziwa ya aina hiyo. Mwaka 1905 daktari Mbulgaria, Stamen Grigorov, akiwa Geneva, alimtambua bakteria wa maziwa hayo. Metchnikoff aliona amepata silaha: kama uozo ndio adui, asidi ya mgando ingeuzima.

Yeye mwenyewe alifuata alichohubiri. Alikunywa maziwa mgando kila siku, hakula kitu kisichopikwa, na pombe hakuigusa. Alisisitiza maziwa yachemshwe kwanza ndipo yatiwe bakteria safi, ushauri ambao sisi tungependa usikike zaidi, maana maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela na kifua kikuu cha ng'ombe.

Habari zilipoenea, mgando ukawa biashara kubwa Ulaya, na si wote walioupigia debe walikuwa waangalifu kama yeye. Baya zaidi ni kwamba London daktari mpasuaji Arbuthnot Lane alianza kuwakata wagonjwa utumbo mpana ili kuwaondolea hiyo sumu. Wengine walifia mezani. Metchnikoff hakushika kisu, lakini ndiye aliyekuwa akisema utumbo mpana hauna faida kwa binadamu, na kwa maoni yetu lawama fulani ni yake.

Sayansi ya leo imemkosoa mengi. Mvi hutokea kwa sababu seli zinazozalisha rangi huisha, si kwa sababu zinaliwa. Bakteria wa Bulgaria hawaweki makazi katika utumbo wa binadamu, hupita tu. Na umri wa wazee wengi wa zamani vijijini haukuwa na cheti wala rejesta. Lakini wazo la chini kabisa limerudi kwa nguvu: kwamba seli za ulinzi zikikaa katika hali ya vita mwaka hadi mwaka, kile wataalamu wanachoita uvimbe wa kudumu, huzidhuru seli nyingine na kuharakisha uzee, na kwamba tunachokula hugusa jambo hilo kupitia bakteria wa tumboni. Mwaka 2017 watafiti mjini Cologne, Ujerumani, waliwapa samaki wa umri wa kati bakteria wa tumboni kutoka kwa samaki vijana, na wakaishi muda mrefu kuliko wenzao. Samaki hao, wenye asili ya Zimbabwe na Msumbiji, huishi miezi michache tu, ndiyo maana wanafaa kwa utafiti wa aina hiyo.

Kuanzia mwaka 1913 moyo wa Metchnikoff ulianza kumsumbua. Hakuficha kwamba mwili wake ulikuwa jaribio pia. Akiwa mahututi alimwomba rafiki yake daktari aupasue baada ya kifo na auangalie vizuri utumbo. Alifariki Paris tarehe 15 Julai 1916, akiwa na miaka 71, kwa ugonjwa wa moyo. Mwili wake ulichomwa, na majivu yake yaliwekwa ndani ya maktaba ya Taasisi ya Pasteur.