Nanji Kalidas Mehta, Mtu wa Pwani Mbili



Mwaka jana mimi na mke wangu tulikaa miezi mitano Leicester, Uingereza, kwa mwanetu aliyehamia huko. Tulitunzwa vizuri. Baridi haikututisha, kwani aliyekulia Mlangali na kufanya biashara Njombe anaijua baridi ya Juni na Julai. Kilichonielemea ni swali la mjukuu wangu. Yeye huniita Dada, ndilo neno la Kigujarati la babu mzaa baba, nalo marafiki zangu wa Makambako hulicheka kila walisikiapo. Aliniuliza kwetu hasa ni wapi: India, Tanzania, au pale nilipokuwa nimeketi. Baba yake naye alikuwa akitusihi tusirudi tena. Sikuwa na jibu la haraka, nikamsimulia mtoto maisha ya Nanji Kalidas Mehta. Nayaandika hapa kwa faida ya wote.

Nanji alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Gorana, karibu na bandari ya Porbandar, katika familia ya Kilohana iliyoishi kwa biashara ndogo ya kijijini. Nchi ile ilikuwa kavu, na mvua zilipokosekana njaa haikukawia. Wazee wengine wa Kihindu waliamini kwamba avukaye maji meusi ya bahari huipoteza jamii yake. Hata hivyo vijana walivuka, kwa sababu upepo wa kaskazi ulikuwa ukivisukuma vyombo vya Gujarati kuja pwani zetu tangu zamani.

Akiwa na umri wa miaka 13 tu, Nanji alipanda jahazi la tanga kumfuata nduguye mkubwa aliyekuwa ametangulia ng'ambo, kisiwani Madagaska. Hakwenda kama tajiri wala kama msomi. Alikwenda kama ndugu mdogo, kukaa kwa jamaa, kusaidia dukani na kujifunza kazi. Ndivyo walivyoanza wengi wetu. Nyumba ya jamaa ilikuwa hoteli yetu, shule yetu na benki yetu. Hakukaa huko daima. Alirudi Gujarati, kisha akavuka bahari tena, safari hii akielekea Uganda.

Huko Busoga, mahali paitwapo Kamuli, alifungua duka. Aliuza nguo, chumvi na vitu vidogo vya nyumbani, akanunua pamba ya wakulima. Kutoka pamba mbichi akaingia katika vinu vya kuchambua pamba. Mwaka 1924 alianzisha kiwanda cha sukari Lugazi, kati ya Kampala na Jinja, kikizungukwa na mashamba makubwa ya miwa. Wakati ule watu wengi walidhani Mhindi wa Afrika anaweza kuuza tu, wala hawezi kutengeneza kitu. Lugazi ilionyesha vinginevyo.

Lakini haifai tumsifu mtu kwa kufunika nusu ya habari. Miwa ile ilikatwa na maelfu ya mikono ya Waafrika, na majina yao hayakuandikwa juu ya lango lolote. Biashara ya kuchambua pamba nayo ilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu kwa kadiri iliyowaumiza wakulima. Mwaka 1949 ghasia zilizuka Buganda, na miongoni mwa madai ya watu ilikuwa haki ya kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Dai hilo lilikuwa la haki. Sisi wenye maduka tunapaswa kulikumbuka tukiwa tumeketi na majirani zetu katika sherehe kama hii.

Nanji aligawa maisha yake kati ya pwani mbili. Alijenga kiwanda cha nguo Porbandar, na katika miaka ya 1930 yeye na mkewe Santokben walianzisha huko Arya Kanya Gurukul, shule ya bweni ya wasichana. Zingatieni neno hilo, wasichana. Katika zama ambazo binti wengi wa Kigujarati waliozwa kabla ya kumaliza kusoma, mtu aliyevuka bahari akiwa mtoto alitumia fedha yake ili watoto wa kike wafundishwe.

Baada ya uhuru wa India alitoa fedha za kujenga Kirti Mandir, ukumbusho uliosimama ubavuni mwa nyumba alimozaliwa Mahatma Gandhi. Jengo lina urefu wa futi 79, kwa kuwa Gandhi aliuawa akiwa katika mwaka wa 79 wa maisha yake. Sardar Vallabhbhai Patel alilifungua mwaka 1950. Hivyo basi, jasho la Uganda limo katika kuta za Porbandar, na ni halali mkulima wa Busoga aseme kwamba yeye pia alichangia.

Nanji alifariki Agosti 1969. Hakuona mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke. Mali ya Lugazi ilinyang'anywa, na jamaa wakatawanyika. Hata hivyo, baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979, familia ilirudi na kukifufua kiwanda kilichochakaa. Wangeweza kubaki walikokuwa na starehe zao. Walirudi mahali palipowafukuza.

Nilipofika hapo mjukuu wangu aliuliza kwa nini walirudi. Nilimwambia kwamba sijui yote yaliyokuwa moyoni mwao, ila ninajua yaliyo moyoni mwangu. Baba yangu alipofungua duka Mlangali hakuwa na mtaji wa kutosha. Jirani, Mbena, alimpa ghala la kuwekea mahindi bila kodi mpaka msimu ukapita. Deni hilo halikuandikwa daftarini, na kwa hiyo haliwezi kufutwa. Kwetu ni pale unapodaiwa na watu wasiokudai.

Mwanangu hakuridhika, nami simlaumu. Anaona nywele zetu zimekuwa nyeupe na hospitali kubwa ziko mbali. Tulikubaliana jambo moja. Likizo ijayo atamleta mtoto huku, wakae muda mrefu, si wiki mbili za kupiga picha. Atapiga kengele ya mandir hii asubuhi, na jioni atakula makande kwa jirani. Nawaomba wazazi wenzangu wenye watoto ng'ambo wafanye vivyo hivyo. Vyumba tunavyo, na ukumbi wa mandir una nafasi.