Adrian Atiman, Daktari wa Karema

Sisi wa Babati tuuguapo twaenda Dareda, katika hospitali ya misioni, na jambo hilo tumekwisha kulizoea. Lakini kazi ya kuponya kwa jina la Kristo ina wazee wake katika nchi yetu. Katika jubilei hii yafaa tumkumbuke mmoja wao, Adrian Atiman, katekista na daktari wa Karema, ufukoni mwa ziwa Tanganyika.

Alizaliwa yapata mwaka 1866, karibu na Timbuktu, katika Afrika ya magharibi. Angali mtoto mdogo alishikwa na wauza watumwa, akavushwa jangwa la Sahara, hata mwaka 1876 Mapadre Weupe wakamkomboa katika nchi ya Algeria. Mapadre wa shirika hilohilo ndio waliofika Tlawi, huko Mbulu, mwaka 1907. Wakamlea, wakamfundisha, akabatizwa. Kisha Kardinali Lavigerie akampeleka Malta pamoja na vijana wengine waliokombolewa, wajifunze utabibu. Mwaka 1888 akaondoka na mapadre kuja huku kwetu, na mwaka 1889 akafika Karema, naye alikuwa na umri wa miaka 23 hivi.

Basi tufikiri kidogo. Mtu aliyetiwa bei kama mbuzi angaliweza kuwa na moyo mgumu. Na mtu mwenye elimu ya Ulaya angaliweza kujikuza mbele ya watu wasiojua kusoma. Atiman hakufanya hili wala lile. Alikaa na watu wa Karema, akamwoa Agnes Wansahira, na mwana wao Joseph akawa padre. Tena hakuona haya kujifunza kwa wenyeji dawa za miti na mizizi, maana alijua kwamba mgonjwa hatafuti sifa ya daktari, atafuta nafuu.

Wako kwetu wafichao ugonjwa kwa aibu mpaka umezidi. Wako pia wadhanio kwamba kumwendea daktari ni kupungukiwa na imani. Na wengine, wakiisha kupata dawa, humsahau Mungu. Maisha ya Atiman yatuonya sote. Mikono iliyofunga vidonda ni ya mtu yule yule aliyefundisha sala, wala hakuona kazi hizo mbili zikigombana. Mwenye kuponya yampasa ainame. Naye mgonjwa yampasa anyenyekee, aseme palipo na maumivu, akubali kusaidiwa.

Alikufa Karema mwaka 1956, mzee wa miaka 90 hivi, baada ya kuwatumikia wagonjwa wa nchi ile miaka 67. Leo hospitali ya Sumbawanga yaitwa kwa jina lake. Nasi, tumwonapo mgonjwa mlangoni petu, tusimwulize kwanza kabila wala dini yake. Tumkaribishe, tumwombee, tumpeleke hospitali.