Nagai Nagayoshi: Maisha ya Mkemia na Urithi wa Mmea Mmoja

Utangulizi

Ni nadra jina la mtu mmoja kuhusishwa na dawa inayookoa maisha hospitalini, na wakati uo huo kuhusishwa na dawa inayowaangamiza vijana mitaani. Nagai Nagayoshi, mkemia wa Kijapani aliyezaliwa mwaka 1844 na kufariki mwaka 1929, ni miongoni mwa hao wachache. Ndiye aliyetenga efedrini kutoka katika mmea wa mahuang mwaka 1885, na ndiye aliyeunda methamfetamini kwa mara ya kwanza mwaka 1893. Nchini mwake anaheshimiwa kama mwasisi wa taaluma ya famasia ya kisasa. Nje ya Japani, aghalabu hutajwa kwa sentensi moja tu katika historia ya mihadarati. Kumtaja hivyo ni kumpunja. Maisha yake yanastahili kusimuliwa kikamilifu, kwani yanaonyesha jinsi taifa lilivyojifunza sayansi ya kigeni bila kuyatupa maarifa ya wahenga wake. Aidha, yanaonyesha jinsi zao la maabara linavyoweza kusafiri mbali na nia ya aliyelizalisha.

Malezi na Elimu ya Awali

Nagai alizaliwa Tokushima, katika kisiwa cha Shikoku, nyakati ambazo Japani ilikuwa bado imewafungia wageni milango. Baba yake alikuwa tabibu, na mtoto alikulia katika nyumba ambamo mizizi, magome na majani yalikuwa nyenzo za kazi ya kila siku. Ilitarajiwa kwamba kijana huyo angerithi kazi ya babaye, na kwa kweli hatua zake za kwanza zilielekea huko.

Mwaka 1864, akiwa na umri wa miaka ishirini hivi, alitumwa Nagasaki kusomea tiba ya Kizungu. Mji huo wa bandari ndio uliokuwa dirisha la Japani kwa karne mbili na ushei, maana Waholanzi pekee miongoni mwa Wazungu ndio walioruhusiwa kufanya biashara huko. Kupitia kwao, vitabu vya tiba na sayansi viliingia nchini, navyo vilitafsiriwa kwa Kijapani. Msomi Udagawa Yōan alikuwa amekwisha kuunda istilahi za Kijapani za oksijeni, haidrojeni na dhana nyingine za kemia tangu miaka ya 1830. Hivyo basi, kizazi cha Nagai kilikuta lugha yao ikiwa tayari imeandaliwa kuibeba sayansi.

Huko Nagasaki, Nagai alikaa na Ueno Hikoma, mmoja wa wapigapicha wa kwanza wa Japani. Upigaji picha wa enzi hizo haukuwa kazi ya kubofya kitufe. Mpigapicha alilazimika kuchanganya kemikali zake mwenyewe, na Ueno alikuwa stadi wa kemia. Inaelekea ni katika chumba hicho cha giza, penye harufu ya dawa za kusafishia picha, ambapo mwanafunzi wa tiba alianza kuvutiwa zaidi na vitu vyenyewe kuliko magonjwa viliyotumiwa kutibu.

Safari ya Berlin

Mwaka 1868 utawala wa Mashogun uliporomoka na enzi ya Meiji ikaanza. Serikali mpya iliamini kwamba njia ya pekee ya kuepuka kutawaliwa ni kujifunza siri za waliokuwa na nguvu. Mwaka 1871 Nagai alikuwa katika kundi la vijana waliopelekwa Ujerumani kwa gharama ya serikali. Kazi aliyotumwa ilikuwa kusomea udaktari.

Mambo yaligeuka alipofika Chuo Kikuu cha Berlin na kuhudhuria mihadhara ya August Wilhelm von Hofmann. Hofmann alikuwa bingwa wa kemia ya amini, yaani zile kampaundi zenye naitrojeni ambazo hupatikana katika lami ya makaa ya mawe, katika rangi za viwandani na pia katika mimea mingi ya dawa. Nagai aliuacha udaktari akazama katika kemia. Alitunukiwa shahada ya uzamifu kwa utafiti unaohusu eujenoli, kiungo kinachoyapa mafuta ya karafuu harufu yake, kisha akawa msaidizi wa Hofmann. Alikaa Ujerumani kwa zaidi ya miaka kumi.

Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Mtu aliyetumwa na taifa lake kuleta udaktari angeweza kulaumiwa kwa kurudi na kitu kingine. Lakini Japani ilihitaji wakemia kama ilivyohitaji madaktari, maana dawa nyingi zilizoingizwa kutoka ng'ambo hazikuwa na uhakika wa ubora. Nagai aliitwa arudi nyumbani, akapewa nafasi ya kufundisha Tokyo na pia kusimamia masuala ya kitaalamu katika kampuni ya dawa ya Dainippon, iliyoanzishwa kwa msaada wa serikali. Mwaka 1886 alimwoa Therese Schumacher, Mjerumani kutoka Andernach, mji ulio kando ya mto Rhine, naye akahamia Japani.

Mmea wa Mahuang

Aliporejea, Nagai hakuanza kwa kuwaiga walimu wake. Alirudi kwenye kapu la dawa za babaye. Mahuang, ambao Wajapani huuita maō, ni mmea wa nchi kavu wenye vijiti vya kijani vilivyogawanyika kwa vifundo, na majani yake ni madogo mno hata huonekana kama haupo nayo. Matabibu wa Uchina waliutumia kwa karne nyingi kutibu kikohozi, homa na kubanwa na kifua. Kwamba ulifanya kazi halikuwa suala. Swali lilikuwa ni kitu gani hasa ndani yake kilichofanya kazi hiyo.

Mwaka 1885 Nagai alifaulu kukitenga kitu hicho kikiwa safi, akakiita efedrini kutokana na jina la kisayansi la mmea huo, Ephedra. Mwanzoni ugunduzi huo haukupata makuu. Mwaka 1887 Miura Kinnosuke alionyesha kwamba efedrini hupanua mboni ya jicho, na kwa miaka mingi matumizi yake yalibaki katika tiba ya macho. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1920, wakati Chen Kehui na Carl Schmidt, wakifanya kazi Peking, walipoeleza kwamba efedrini hupanua njia za hewa na kupandisha shinikizo la damu. Tofauti na adrenalini ambayo ilipaswa kudungwa kwa sindano, efedrini ilimezwa tu. Kwa wagonjwa wa pumu hiyo ilikuwa faraja kubwa. Hadi leo madaktari huitumia katika upasuaji, hususan kwa mama anayejifungua kwa kupasuliwa, pale ganzi ya uti wa mgongo inaposhusha shinikizo la damu yake.

Nagai aliendelea kuichunguza efedrini ili aujue muundo wake. Njia ya mkemia ni kubadilisha sehemu moja ya molekuli na kutazama kinachotokea. Ni katika juhudi hizo ambapo mwaka 1893 alipata kampaundi mpya iliyokosa atomu moja tu ya oksijeni iliyomo katika efedrini. Kampaundi hiyo ndiyo methamfetamini. Haikuuzwa wala kutumiwa kama dawa wakati huo. Ilibaki kuwa hatua moja katika utafiti mrefu. Mwaka 1919 mwanafamasia Ogata Akira aliipata katika umbo la fuwele, lakini bado hakuna aliyeiona kuwa bidhaa.

Mwalimu na Mlezi wa Wasomi

Mwaka 1893 uo huo, Nagai alikuwa profesa wa famasia katika Chuo Kikuu cha Kifalme jijini Tokyo. Alikuwa pia rais wa kwanza wa Chama cha Famasia cha Japani. Fauka ya hayo, alijitosa katika jambo ambalo wengi wa rika lake hawakulithamini, nalo ni elimu ya sayansi kwa wanawake. Chuo cha Wanawake cha Japani kilipofunguliwa mwaka 1901, Nagai alikiunga mkono na kufundisha kemia humo, na mkewe Therese alifundisha pia.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Tange Umeko, aliyepoteza jicho moja utotoni. Nagai alimhimiza asiishie hapo, na vivyo hivyo akamhimiza Kuroda Chika. Mwaka 1913 wanawake hao wawili, pamoja na Makita Raku aliyesomea hisabati, walikuwa wa kwanza kupokelewa katika chuo kikuu cha kifalme, kile cha Tohoku. Wote wawili walikuja kuwa wanakemia wa kutajika. Laiti Nagai asingegundua lolote, huduma hii pekee ingetosha kumfanya akumbukwe.

Therese alifariki mwaka 1924. Nagai mwenyewe alifariki Tokyo tarehe 10 Februari 1929, akiwa na umri wa miaka 84.

Yaliyofuata Kifo Chake

Miezi minne baada ya maziko yake, tarehe 3 Juni 1929, mkemia Mmarekani Gordon Alles alijidunga amfetamini. Alles alikuwa akitafuta mbadala wa efedrini kwa wagonjwa wa pumu, maana mahuang haukupatikana kwa urahisi. Amfetamini ilikuwa imeundwa Berlin mwaka 1887 na Mromania Lazăr Edeleanu, katika mazingira yaleyale ya Hofmann yaliyomlea Nagai. Alles aligundua kwamba haikutanua njia za hewa tu, bali pia ilimfukuza usingizi na kumjaza furaha. Kuanzia hapo vichangamshi vikaacha kuwa siri ya maabara.

Methamfetamini nayo ilitolewa kabatini. Mwaka 1938 kampuni ya Temmler ilianza kuiuza Ujerumani kwa jina la Pervitin, nayo ikagawiwa askari kwa mamilioni ya vidonge. Nchini Japani iliuzwa kuanzia mwaka 1941 kwa jina la Philopon, jina lenye asili ya neno la Kigiriki lenye maana ya kupenda kazi. Muuzaji alikuwa Dainippon, kampuni iliyorithi jina la ile ambayo Nagai aliisimamia katika siku zake za mwanzo. Ilitolewa kwa askari na kwa wafanyakazi wa viwandani ili wasilale. Vita vilipokwisha mwaka 1945, akiba iliyobaki ilimiminika sokoni katika nchi iliyojaa magofu, njaa na huzuni. Mwaka 1951 Japani ilitunga sheria maalumu ya kudhibiti vichangamshi, na mwaka 1954 zaidi ya watu 55,000 walikamatwa chini ya sheria hiyo.

Jamaa ya Molekuli na Mkono wa Sheria

Ili kuuelewa urithi wa Nagai, ni muhimu kufahamu kwamba kampaundi hizi ni za ukoo mmoja. Kiunzi ni kilekile. Ukiondoa oksijeni kwenye efedrini, unabaki na methamfetamini. Kiunzi cha methamfetamini kikiongezewa pete ndogo yenye oksijeni mbili, huwa MDMA, iliyotengenezwa mara ya kwanza katika kampuni ya Merck mwaka 1912 na ambayo baadaye ilipata umaarufu kwa jina la ekstasi, kwa kuwa humfanya mtumiaji ajihisi karibu mno na wenzake. Na kiunzi cha amfetamini kikibeba oksijeni mahali maalumu, huwa kathinoni, ambayo mwaka 1975 ilitambuliwa katika majani mabichi ya miraa. Jani linaponyauka, kathinoni hugeuka kuwa katini, ambayo ni dhaifu zaidi. Ndiyo sababu wakulima wa Meru huifunga miraa kwa majani ya mgomba na kuikimbiza sokoni.

Sheria imejaribu kuufuata ukoo huu hatua kwa hatua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 uliidhibiti methamfetamini, na kathinoni na MDMA zikaongezwa baadaye. Mkataba wa mwaka 1988 uliiweka efedrini yenyewe katika orodha ya malighafi zinazopaswa kufuatiliwa. Kenya ilitunga sheria yake ya kudhibiti mihadarati mwaka 1994. Hata hivyo miraa, kwa kuwa ni jani na si kemikali iliyotengwa, ilifuata njia nyingine: mwaka 2016 sheria ya Kenya iliitambua kuwa zao la biashara, ilhali Uingereza ilikuwa imeipiga marufuku mwaka 2014, na Tanzania huihesabu kuwa dawa ya kulevya.

Tatizo ni kwamba orodha hutaja majina, na molekuli hubadilishwa kwa urahisi kuliko sheria. Mefedroni, mojawapo ya kathinoni za kuundwa, ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1929, mwaka aliofariki Nagai. Ilisahaulika kwa miongo mingi, kisha ikaibuka Ulaya mwishoni mwa miaka ya 2000 ikiuzwa waziwazi kwa kisingizio cha mbolea ya mimea. Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2010, ililazimika kutaja jamii nzima ya kathinoni badala ya jina moja, kwa kutambua kwamba aliyezuiwa mlangoni angerudi kupitia dirishani.

Hitimisho

Si haki kumtwisha Nagai lawama za Pervitin, Philopon na vyote vilivyofuata. Hakuiuza methamfetamini, hakuisifu, wala hakuishi kuyaona madhara yake. Lakini si sahihi pia kulifuta jina lake katika habari hiyo, maana efedrini na methamfetamini zilitoka mikononi mwa mtu yuleyule, kwa mbinu zilezile, na kwa ari ileile ya kutaka kujua. Kilichozitenganisha ni matumizi, na matumizi yaliamuliwa na majeshi, wafanyabiashara na serikali. Wajapani wameamua kumkumbuka kwa yote aliyowaachia: Tokyo na Tokushima zina kumbi zenye jina lake. Kila mgonjwa ambaye shinikizo la damu yake limerejea kawaida juu ya kitanda cha upasuaji ana sehemu ya deni hilo, hata kama jina la Nagai hajapata kulisikia.