Dokta Trowell na mtoto aliyevimba

Katika somo la seli la mwaka wa kwanza, sisi wa lishe huchorewa kongosho, kisha seli moja ya kongosho, kisha ribosomu zilizojipanga ndani yake kama shanga. Wengi hukariri, hufanya mtihani, na mambo huishia hapo. Mimi nilitaka kujua ni nani hapa Uganda aliyewahi kuhangaishwa na seli hiyo kwa sababu ya wagonjwa waliokuwa mbele yake, si kwa sababu ya mtihani. Nikamkuta Hugh Trowell. Hakuwa Muislamu, na uzeeni alikuwa kasisi wa Kianglikana. Hilo lisitufanye tuache kumsoma.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1904, akasomea udaktari London, na mwaka 1929 akaja Kenya kuitumikia serikali ya kikoloni. Huko alianza kuona watoto waliotoka kuachishwa ziwa, miguu na nyuso zimevimba, nywele zimegeuka nyekundu na kunyofoka kirahisi, ngozi inabanduka. Hawachezi, hawataki kula, wanalia tu kwa sauti ndogo. Mwaka 1935 alihamia Kampala, akawa anatibu na kufundisha Mulago. (Mkewe, Margaret, ndiye aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere, na shule ya sanaa ya pale imebeba jina lake.) Watoto wale wale akawakuta Mulago pia.

Waganda walikuwa na jina lao, obwosi, ugonjwa wa mtoto ambaye mama yake amepata mimba nyingine. Huko Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, daktari Cicely Williams aliueleza ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akauita kwa jina la Waga wa huko, kwashiorkor, maradhi ya mtoto aliyeondolewa nafasi yake na mdogo wake. Sisi kwa Kiswahili tunasema unyafuzi. Ukizisikiliza jamii hizo mbili zilizokaa mbali hivyo, zote zilishaona kwamba jambo linaanzia pale ziwa linapokatwa. Msomaji wa Qur'ani atakumbuka Al-Baqara, aya ya 233, na ile miaka miwili ya kunyonyesha.

Williams alishuku kwamba chakula cha watoto hao kilipungukiwa na protini. Wakubwa wa tiba hawakumsikiliza. Trowell naye, katika makala ya mwaka 1937, aliuita ugonjwa huo pelagra ya watoto, yaani upungufu wa vitamini. Miaka hiyohiyo ikagunduliwa kwamba pelagra hutibiwa kwa niasini. Basi jambo lilikuwa rahisi kupimwa: wape watoto niasini. Akawapa, na hawakupona.

Hapa ndipo ninapomheshimu. Mtu aliyekwisha kuchapisha jina la ugonjwa angeweza kuongeza dozi, au kuwalaumu kina mama, au kusema watoto wameletwa wakiwa wamechelewa. Yeye aliliacha jina lake mwenyewe na kuanza upya. Hakuanza peke yake. Makala ya mwaka 1945 kuhusu ugonjwa huu ina jina la daktari Mganda, E. M. K. Muwazi, pamoja na lake, na ni haki yetu kulikumbuka jina hilo pia. Kisha akaja mwenzao wa maabara, J. N. P. Davies, aliyepasua miili ya waliofariki na kutazama viungo vyao kwa hadubini. Aliona mambo mawili. Ini lilikuwa limejaa mafuta, na seli za kongosho zilikuwa zimesinyaa, hazina tena punje za vimeng'enya ambazo seli nzima hujaa.

Sasa rudi kwenye mchoro wa mhadhiri. Seli ya kongosho ni kiwanda. Kila siku hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, na kila kimeng'enya ni protini. Jeni hutoa agizo, ribosomu huunganisha asidi za amino moja baada ya nyingine. Zipo 9 ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe, lazima ziletwe na chakula. Ikikosekana moja, mnyororo hukatikia njiani, hata agizo liwe sahihi namna gani. Ini nalo, likikosa malighafi, haliwezi kutengeneza protini za kubeba mafuta kuyatoa nje, basi yanabaki palepale. Albumini hupungua katika damu. Na mtoto ambaye kongosho lake halina vimeng'enya hawezi kusaga vizuri hata kile chakula kizuri anachopewa baadaye. Jambo la ajabu ni kwamba George Palade, aliyezieleza ribosomu mwaka 1955 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1974, alizijua njia za seli kwa kuchunguza seli hizohizo za kongosho, za panya wa Guinea, kule New York. Davies alikuwa ameona Mulago jinsi zinavyokuwa zikishindwa kazi.

Mimi ni wa Bwera. Kwetu chakula ni bundu, ugali wa muhogo, na unga wa muhogo una protini chini ya gramu 3 katika gramu 100, wakati maharage makavu yana zaidi ya 20. Maharage yanalimwa milimani kwetu, samaki wanatoka Katwe na ziwa George, na vyote hupita soko la Mpondwe kuelekea Kongo. Mama huuza maharage apate ada na sabuni, na mtoto aliyeachishwa hubaki na bundu na mchuzi mwembamba. Mashavu yakivimba, jirani husema kanona. Yakizidi, utasikia karogwa. Utafiti wa taifa wa mwaka 2016 ulikuta watoto 29 katika 100 wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, na katika kanda ya Tooro, tuliyohesabiwa humo, ni kama 41. Kudumaa si unyafuzi, lakini vinatoka jikoni mamoja.

Mwaka 1954 Trowell, Davies na Rex Dean, aliyewatibu watoto kwa maziwa yaliyotolewa mafuta, walitoa kitabu kuhusu ugonjwa huu. Baada ya hapo dunia ikashikwa na homa ya protini, unga wa maziwa ukasafirishwa kila pembe, mpaka mwaka 1974 mtaalamu mwingine, McLaren, akapinga hadharani kwamba tatizo si protini peke yake. Leo tunafundishwa pia habari za maambukizi, za vijidudu vya utumbo na za kinga ya seli dhidi ya uharibifu wa oksijeni. Naamini Trowell asingekasirika, maana alishawahi kuliacha jina lake mwenyewe.

Aliondoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950, akawa kasisi Uingereza. Angeweza kupumzika. Lakini alikumbuka kitu kingine cha Mulago, kwamba katika miaka yote ile maradhi ya moyo na kisukari cha watu wazima alikuwa ameyaona kwa nadra sana. Pamoja na Denis Burkitt, daktari mwingine wa Mulago, alianza kuandika kuhusu nyuzinyuzi za chakula, zile ambazo viwanda vya unga huziondoa, na mwaka 1975 wakatoa kitabu juu yake. Alikuwa amepita miaka 70. Alifariki mwaka 1989. Mulago, tangu mwaka 1965, kuna kituo cha Mwanamugimu, ambako mama hulazwa pamoja na mtoto wake na kufundishwa kumpikia vyakula vya sokoni kwao.