Imamu Nawawi: Mtoto wa Duka Aliyeshika Elimu

Sifa zote njema zinamthubutikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: watu wengi hukimwa na kazi zao. Mwenye duka hukaa kutwa mbele ya mizani yake akingoja mnunuzi, karani huona saa hazendi, na mwanafunzi hupiga miayo naye kitabu ki mbele yake. Na walio wengi katika hao hudhani kuwa dawa yake ni kupumzika. Kisha wakayapata hayo mapumziko, na dhiki ya moyo ikazidi. Khabari za Imamu Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu, zinaonyesha kwamba uchovu wa mwili ni jambo moja na uchovu wa moyo ni jambo jingine. Na kwamba moyo hauponi kwa kukaa bure, bali hupona kwa kuijua kazi yake na kuishika.

Jina lake ni Yahya bin Sharaf, na kuniya yake ni Abu Zakariya, ijapokuwa hakuoa wala hakuzaa. Watu walimwita Muhyiddin, maana yake mwenye kuihuisha dini, naye akilichukia jina hilo kwa unyenyekevu wake. Alizaliwa mwezi wa Muharram mwaka 631 wa Hijra, nao ni mwaka 1233 wa miladi, katika mji mdogo wa Nawa, ulioko Hauran, kusini ya Dimashq katika nchi ya Sham. Kwa mji huo ndipo alipopata kuitwa Nawawi. Baba yake alikuwa mtu mwema, mwenye duka, mwenye kuchunga halali na haramu katika chumo lake.

Alipokuwa kijana mdogo baba yake alimtia dukani, kama ilivyo dasturi ya wafanya biashara kuwazoeza watoto wao. Yahya alikaa alipowekwa, kwa kumtii mzazi wake, walakini kununua na kuuza hakukuweza kuutoa moyo wake katika Qurani. Watu waliingia na kutoka, naye midomo yake ikenda kwa kusoma. Mwenye kumtazama kwa haraka angedhani kuwa ni mtoto mvivu asiyependa kazi. Lakini mvivu hujulikana kwa jambo moja: akiondolewa kazini hukimbilia mchezo. Yahya yeye hata mchezo hakuutaka. Alipokuwa na umri wa miaka kumi, sheikh mmoja mchaji Mungu, jina lake Yasin bin Yusuf wa Marrakesh, alipita Nawa akawaona watoto wakimlazimisha kucheza nao, naye akiwakimbia na kulia kwa vile walivyomlazimisha, na katika hali hiyo hiyo akisoma Qurani. Mapenzi ya mtoto yule yakamwingia sheikh moyoni.

Sheikh Yasin akamwendea mwalimu aliyekuwa akimsomesha Yahya, akamuusia juu yake, na akamwambia kuwa yatumainiwa mtoto huyu atakuwa mwenye elimu kuliko watu wote wa zama zake na mwenye kuipa dunia kisogo kuliko wao. Mwalimu akamuuliza kama yeye ni mpiga ramli. Akajibu kuwa la, ila ni Mwenyezi Mungu tu aliyemtamkisha maneno hayo. Mwalimu akampelekea baba khabari hiyo; na hapa yafaa kumkumbuka baba huyo kwa kheri. Hakusema kuwa duka linataka mtu, wala hakumkemea mwanawe kwa kutoshika biashara. Aliifanyia bidii Qurani ya mwanawe mpaka akaikhitimu naye yu karibu na kubaleghe.

Mwaka 649 baba huyo huyo alimpeleka Dimashq, mji uliokuwa umejaa madrasa na wanavyuoni. Alikuwa katika mwaka wa kumi na tisa wa umri wake kwa hisabu ya Hijra. Akapata chumba katika Madrasa ya Rawahiya, na chakula chake kikawa ni ile posho ya madrasa basi. Hapo ndipo yule ambaye duka halikuweza kumshughulisha alipoonyesha shughuli ni nini. Alikaa muda wa kama miaka miwili pasina kuulaza ubavu wake juu ya ardhi. Kitabu cha Tanbihi cha Sheikh Abu Ishaq Shirazi alikihifadhi kwa muda wa miezi minne na nusu, kisha katika mwaka ule ule akahifadhi robo ya ibada ya kitabu cha Muhadhab. Alikuwa akisoma darsa kumi na mbili kila siku mbele ya masheikh zake: katika fiqihi, na hadithi, na nahau, na sarufi, na lugha, na usuli, na majina ya wapokezi wa hadithi. Wala hakuwa akisikiliza na kuondoka; aliyaandika pembezoni mwa kitabu yaliyokuwa mazito katika kila darsa, akayafafanua yaliyofichika, na kuyatia irabu maneno.

Hata njiani, akenda kwa sheikh au akirudi, alikuwa akikariri aliyoyahifadhi. Usingizi ukimshinda aliegemea vitabu kidogo, kisha akazinduka na kuendelea. Chumba chake kilijaa vitabu hata mgeni akija hapana mahali pa kukaa, ila avipandishe vitabu juu ya vingine apate nafasi. Chakula alikula mara moja kwa siku, baada ya sala ya Isha, na maji alikunywa mara moja wakati wa kula daku. Imepokewa kuwa mtu mmoja alimmenyea tango ampe ale, akakataa, akikhofu lisimletee ubaridi mwilini ukamvuta usingizi. Mwaka 651 alikwenda kuhiji pamoja na baba yake, na homa ikamshika tangu walipotoka Nawa mpaka siku ya Arafa, wala hakuguta.

Katika khabari hizi kuna moja ambayo ni mizani ya zote. Alipokuwa katika pirika hizo za elimu lilimjia wazo la kusoma utabibu. Akanunua kitabu cha Kanuni cha Ibnu Sina, akaazimia kukishughulikia. Mara moyo wake ukaingia giza. Zikapita siku hawezi kufanya lolote. Wala kusoma hakukumwendea, wala kuandika. Yeye ambaye darsa kumi na mbili hazikumchosha, alichoshwa na kitabu kimoja. Akaitafakari hali yake, limeingia wapi giza hili, akatambua kuwa sababu yake ni kule kujishughulisha na utabibu. Papo hapo akakiuza kile kitabu, akatoa chumbani mwake kila kilichohusu elimu hiyo, na nuru ikamrudia, akawa kama alivyokuwa.

Asidhani mtu kuwa Imamu Nawawi aliudharau utabibu. Yeye mwenyewe katika vitabu vyake ameuhisabu kuwa ni katika fardhi za kutosheana, ambazo wasipopatikana watu wa kuzisimamia wote huwa na makosa. Na Imamu Shafi wa kabla yake aliusifu sana. Lililomsibu ni kuwa kazi ile haikuwa kazi yake. Kwa hiyo kuwa na shughuli peke yake si dawa. Mtu aweza kuijaza siku yake tangu alfajiri hata usiku, na moyo ukabaki mtupu. Dawa ni shughuli iliyo mahali pake, na nia iliyo mahali pake. Nawawi alipoona giza hakukimbilia kupumzika wala maongezi ya barazani. Alijihisabu, akaliondoa lililomzuia, akarejea kazini.

Baada ya kama miaka sita ya kusoma namna hiyo akaanza kutunga na kufunza. Mwaka 665 alipofariki Sheikh Abu Shama, Nawawi alitiwa mahali pake kuwa mkuu wa Dar al-Hadith al-Ashrafiya, nyumba kubwa ya kusomeshea hadithi katika Dimashq. Akaisimamia mpaka mwisho wa umri wake, wala mshahara wake hakuutia mdomoni. Matunda ya Dimashq pia hakuyala, naye anakaa katika mji wenye sifa ya mabustani. Kwa kuwa mashamba mengi ya huko yalikuwa wakfu na mali ya watu walio chini ya usimamizi wa wengine, na akikhofu shubuha katika namna yanavyoendeshwa.

Basi alikula nini? Alikula alicholetewa na wazee wake kutoka Nawa, na mama yake akimpelekea nguo za kuvaa. Hapa ndipo lilipo la kuzingatiwa. Duka lile ambalo halikuweza kuushika moyo wa mtoto, ndilo duka la yule baba ambaye katika halali yake mwanachuoni yule alipata tonge ya kumtia nguvu ya kuandika. Baba kwa mizani yake na mwana kwa kalamu yake, kila mmoja alikuwa kazini mwake, na katika kila kitabu cha Nawawi mna jasho la mwenye duka yule. Hapana kazi ya halali iliyo duni, ikiwa mwenyewe anajua anamchumia nani na kwa nini.

Wala shughuli zake za elimu hazikumfanya asiwaone watu. Sultani Baybars alipoyatilia mkono mabustani ya watu wa Dimashq, na wenyewe wakapata dhiki, Imamu Nawawi aliweka vitabu kando akamwandikia sultani kumnasihi, tena si mara moja. Akijibiwa kwa ukali, akiandika tena. Alimkabili hata uso kwa uso, na imepokewa kuwa sultani yule, aliyewavunja Wamongolia na Wafaranji vitani, alikiri kuwa anamwogopa. Mtu asiye na tamaa ya cheo wala chakula cha sultani, sultani hana la kumnyang'anya.

Ama vitabu vyake ni vingi kuliko umri wake. Alisherehesha Sahihi ya Imamu Muslim. Alitunga Riyadh as-Salihin, na Adhkar, na Hadithi Arubaini, ambazo kwa hisabu ni 42. Alitunga Rawdha, na akaufupisha Muharrar wa Imamu Rafii akautoa Minhaj at-Talibin. Alianza Majmuu, sherehe kubwa ya Muhadhab, akafikia mlango wa riba, umri usimpe nafasi ya kuukhitimisha. Kitabu cha Minhaj kilivuka bahari kikafika pwani ya Afrika ya Mashariki. Kikasomeshwa Lamu, na Mombasa, na Unguja, na makadhi wa Kishafi wakahukumu kwacho na kwa sherehe zake, kama Tuhfa ya Ibnu Hajar na Nihaya ya Ramli.

Na mtu aliyeandika kiasi hicho huenda akadhaniwa kuwa alipenda kuandika kwa ajili ya kuandika. Mwanafunzi wake mkubwa, Alauddin bin Attar, ambaye kwake ndiko zilikopokewa nyingi katika khabari hizi, ameeleza kuwa sheikh wake alimwamuru siku moja aoshe wino wa makaratasi aliyoyaandika kwa mkono wake, kiasi cha makurasa elfu, na akamkhofisha asije akakhalifu. Yule mwanafunzi akatii, na majuto hayakumtoka moyoni. Lakini kwa jambo hilo yajulikana alivyokuwa Nawawi: hakufanya kazi ili ahisabiwe kazi zake. Aliyoyaona hayastahiki kubaki aliyafuta, ingawa yalimla nyakati na usingizi wake.

Mwaka 676 alivirudisha vitabu vyote vya wakfu alivyoviazima, akazuru makaburi ya masheikh zake, akaagana na sahibu zake, akatoka Dimashq kurudi kwao. Akenda kuzuru Baitul Muqaddas na mji wa Khalil, kisha akarejea Nawa, na maradhi yakamshika katika nyumba ya baba yake. Akafariki usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 24 Rajab mwaka 676, nao ni mwezi wa Disemba 1277. Umri wake ulikuwa miaka arubaini na mitano. Akazikwa Nawa, katika mji ule ule alimokuwa akikaa dukani na midomo yake ikenda kwa Qurani. Tangu siku aliyopelekwa Dimashq mpaka siku ya kufa kwake ni miaka ishirini na saba. Wako watu waliopewa miaka mara mbili ya hiyo, na wengi wao waliimaliza wakiulizana saa ngapi sasa.

Basi mwenye mtoto aliyekimwa na kazi aliyopewa, na asimwite mvivu kabla ya kutazama moyo wake umeelekea wapi. Na mwenye kukimwa na kazi yake mwenyewe, na ajihisabu kama alivyojihisabu Imamu Nawawi mbele ya kile kitabu cha utabibu: ni kazi ndiyo isiyo yake, au ni nia ndiyo iliyopotea? Ikiwa ni kazi, na atafute iliyo yake, wala asikae bure baina ya mbili. Na ikiwa ni nia, na airejeze nia yake, abaki pale pale penye mizani yake. Huenda katika halali anayoipima yumo Nawawi mwingine anayelishwa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Nawawi, na amrehemu baba yake mwenye duka, na awape Waislamu baraka katika nyakati zao. Amin.