Donohue: Jamaa aliyepima kila tairi, tairi likamwondoa

Mpira wa soka ukizidishwa upepo unadunda ovyo, hautulii mguuni. Ukipungua, hauendi. Ndiyo maana sheria za soka zimeweka kipimo. Kwenye magari ya mbio nako mambo ni hayohayo, ila huko ukikosea kidogo tu, gari linakutupa nje ya kona.

Mmarekani Mark Donohue alilijua hilo kuliko madereva wengi wa zama zake. Alizaliwa mwaka 1937, na mwaka 1959 akahitimu uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Brown. Wakati wengine wakitegemea kipaji na roho ngumu, yeye alitegemea vipimo na hesabu. Mwaka 1966 alianza kuendesha magari ya Roger Penske, na wawili hao wakawa kama kocha na nahodha wake.

Silaha yao ilikuwa duara. Walichora duara kubwa kwenye lami, gari likazungushwa humo hadi mwisho wa uwezo wake, na muda ukapimwa kwa saa. Kisha wanabadili kitu kimoja tu, iwe springi au upepo wa tairi, wanarudia. Muda ukipungua, maana yake tairi zimeshika lami zaidi. Hakuna kubahatisha.

Siri ya upepo iko hivi. Ukizidi, tairi linavimba katikati, sehemu inayogusa lami inakuwa ndogo na gari linateleza. Ukipungua sana, tairi linalala ubavu kwenye kona, usukani unachelewa kuitika na joto linapanda hadi tairi kuharibika.

Tena kipimo hakikai palepale. Hewa ikipata joto inatanuka, kwa hiyo baada ya mizunguko kadhaa presha inakuwa imepanda yenyewe. Fundi mjanja anaanza chini kidogo, ili tairi lifike pazuri likishachemka.

Gari likirudi, mafundi wanapima joto la kila tairi sehemu tatu: ndani, katikati na nje. Katikati pakiwa na moto kuliko pembeni, upepo umezidi. Pembeni pakizidi, haujatosha. Pua ya gari ikikataa kona, wanaanza kuangalia tairi za mbele. Mkia ukitaka kutangulia, wanahamia za nyuma.

Kazi hiyo ya kuchosha ilileta makombe. Mwaka 1968 Donohue alishinda mbio 10 kati ya 13 za Trans-Am akiwa na Camaro, na Chevrolet ikabeba ubingwa mwaka huo na uliofuata. Mwaka 1972 alishinda Indianapolis 500. Mwaka 1973 akatwaa ubingwa wa Can-Am na Porsche 917/30, dude lenye nguvu za farasi zaidi ya 1,000.

Akatangaza kustaafu, lakini mzuka wa mbio ukamrudisha. Agosti 9, 1975, kule Talladega, aliweka rekodi ya dunia ya kasi kwenye uwanja wa mzunguko, zaidi ya kilomita 355 kwa saa, akitumia Porsche ileile.

Siku nane baadaye alikuwa Austria kwa ajili ya mbio za Formula One. Asubuhi ya mashindano, akiwa anapasha gari, tairi likafeli kwenye kona ya kasi na gari likatoka nje. Mfanyakazi mmoja wa uwanjani alipoteza maisha. Donohue mwanzoni alionekana yuko sawa, kumbe damu ilikuwa imevujia kwenye ubongo. Alifariki Agosti 19 mjini Graz, akiwa na miaka 38.

Familia yake ilifungua kesi dhidi ya kampuni iliyotengeneza tairi hilo, na mwaka 1984 baraza la wazee wa mahakama huko Rhode Island likaipa familia ushindi. Donohue aliweza kupima upepo, joto na muda, lakini hakuwa na kifaa cha kumwonesha kwamba tairi linakaribia kufeli.

Mwaka 1969 alikuwa ameshinda Saa 24 za Daytona. Miaka 40 baadaye, mwaka 2009, mwanaye David naye akashinda mbio hizohizo.