Thomas Kanza, mjumbe wa Simba

Huku kwetu Makobola, 1964 ni mwaka wa Simba wa vitani. Simba wa mkoba wa karatasi hatajwi. Thomas Kanza alimaliza chuo kikuu Louvain 1956, akiwa Mkongomani wa kwanza asiye padri kufika hapo. Mwaka 1960 Lumumba alimtuma Umoja wa Mataifa, hajatimiza miaka thelathini.

Mwaka 1964 akawa waziri wa mambo ya nje wa waasi wa Stanleyville. Tarehe 23 Novemba, Nairobi, mbele ya Kenyatta, alijadili na balozi wa Marekani, William Attwood, hatima ya mateka Wazungu. Naona hakuwa na cha kutoa: mateka walishikwa na wenye bunduki, na ndege zilikuwa tayari Kamina. Kesho yake, alfajiri, makomando wa Ubelgiji waliruka kwa miavuli Stanleyville.